Mgema wa Madaba

Wahenga walitukataza kumsifu mgema, kwa kuwa akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu nitamsifu hata hivyo. Kwanza, magazeti huchelewa sana kufika kwake. Pili, anachogema yeye kikitiwa maji kinajulikana kwenye funda la kwanza, na wateja wake ni watu wenye midomo.

Shamba lake liko upande wa Madaba, kwenye barabara ya kutoka Songea kwenda Njombe, pale nchi inapoanza kupanda na ukungu wa asubuhi kukawia kuondoka. Siku hizi Madaba ina halmashauri yake, ingawa wilaya ni ile ile ya Songea. Wabena ni wengi huku, wamechanganyika na Wangoni, na ukifika kwa mtu unasalimiwa kwa kamwene kabla ya kuulizwa umetoka wapi. Watu wanalima mahindi na maharage. Kandokando ya mahindi, kwenye mabonde na kingo za vijito, kuna vichaka vya mianzi ambavyo havikuota vyenyewe. Vilipandwa, vingine na babu ambao wajukuu wao ndio wanaovigema leo. Wataalamu wa mimea huiita mianzi hii Oxytenanthera abyssinica. Wenyeji huiita ulanzi, na kinywaji chake ni ulanzi vilevile, kuanzia Iringa na Njombe mpaka huku.

Kazi yote inaendeshwa na mvua. Songea ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na ndani ya msimu huo mianzi hutoa machipukizi yake ya mwaka. Ardhi ikishalowa vya kutosha, chipukizi linatokeza kwenye shina, nene, limevaa maganda yenye vinyweleo vinavyowasha shingoni na mikononi. Halingoji mtu. Ulilolipita juzi likiwa chini ya goti, utalikuta limekufika kiunoni. Likiwahiwa bado changa, linatoa maji machache kisha linaoza. Likicheleweshwa, linakaza, na maji yale yale ambayo yangekuwa kinywaji yanakuwa yamekwisha kutumika kujenga mwanzi. Kimo kinachotakiwa ni karibu mita moja. Kati ya mapema na kuchelewa kuna siku chache tu, na kila chipukizi lina siku zake, kwa hiyo hata vichaka viwili vilivyo bega kwa bega haviwezi kuhudumiwa kwa ratiba moja.

Mzee huyu hapimi. Anainama, anashika chipukizi chini kidogo ya ncha kwa vidole viwili, anabonyeza kwa kidole gumba, anaachia. Mengine anayaacha, na haelezi. Mengine anayafunga ukanda wa gome shingoni. Nilidhani yaliyofungwa ndiyo atakayoyagema. Kumbe ndiyo anayoyasamehe. Chipukizi lililogemwa halitakuwa mwanzi kamwe. Litatoa maji yake yote, litanyauka, basi. Kichaka kisichoachiwa vijana kinazeeka, na baada ya misimu michache hakina la kutoa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgema, kabla kisu hakijatoka alani, ni kuchagua ambayo hatayagusa.

Hapo ndipo ninapomwona ametofautiana na ndugu yake wa pwani. Mgema wa mnazi, iwe Tanga au Pemba, anapanda mti ule ule mwaka baada ya mwaka. Anaujua kwa alama za hatua zake mwenyewe kwenye shina. Huyu wa ulanzi anarudi kwenye kichaka kile kile, kweli, lakini chipukizi analiona mara moja tu. Hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi, kila analolishika leo ni geni kwake, na akilikosea hana la kufanya.

Kisu chake ni kifupi kuliko nilivyotarajia. Bapa lake limeliwa na kunolewa hata limebaki jembamba, na mpini ni wa mti mgumu uliong'aa kwa kiganja chake. Anacho kinoo mfukoni, jiwe dogo la mtoni lenye bonde katikati. Ananoa kabla ya kuingia shambani, kisha ananoa tena katikati ya mzunguko, mara tatu nne upande huu, mara tatu nne upande ule, na kujaribu makali kwenye ukucha. Kisu butu hakikati chipukizi, kinalisaga. Jeraha lililosagwa linaziba na kuchacha, na maji yanayotoka yana harufu ya kitu kilichovunda. Nilimwuliza kama kisu cha dukani hakifai. Alinipa kile cha kwake nikishike, halafu akakirudisha mkononi mwake bila kujibu.

Mkato wa kwanza ni wa mshazari na huondoa ncha yote. Baada yake hakuna sherehe. Pale ulipopita panalowa, tone moja linajikusanya, linaning'inia, linaanguka. Mgeni angesema kazi imeshindikana. Lakini kuanzia hapo mgema atarudi asubuhi na jioni, kila siku, akichonga jeraha lile lile upya, na kwa karibu wiki nzima hatapata cha kumpa mtu. Chipukizi linazoezwa. Linaamshwa kila linapotaka kufunga kidonda, mpaka linaacha kukifunga. Hapa ndipo wanaojifunza hushindwa. Kukata wanakata, tatizo ni kukata siku sita bila malipo, kwenye mvua, huku mahindi nayo yanadai palizi.

Wakati huo anatengeneza mbeta. Ndicho chombo cha kukingia, nacho kimetoka kwenye mmea huo huo. Anatafuta mwanzi uliokomaa, anaugonga kwa nyuma ya panga, anasikia kama una uwazi ndani. Mianzi ya ulanzi mingi ina nyama nene, na mingine imejaa kabisa, hivyo si kila mmoja unatoa mbeta. Ukipatikana, anakata chini ya fundo ili fundo lenyewe liwe kitako, na juu anaacha mdomo wazi. Mdomo anaukata kwa mshazari na kuulainisha kwa kisu ili usiumize chipukizi. Anatoboa tundu mbili karibu na mdomo na kupitisha kamba ya gome. Mbeta mpya hujazwa maji na kuachwa usiku kucha, imwage ladha yake ya mti mbichi. Ya zamani huoshwa kila siku, na hapa nilimwona mkali. Mkewe alileta mbeta zilizooshwa mtoni, naye akanusa moja moja. Tatu alizirudisha. Masalia ya jana yakibaki ndani ya mbeta, maji ya leo yanaanza kuchachuka yakiwa bado yanadondoka, na utamu unapotea kabla hata hayajafika nyumbani.

"Mama, hizi zimelala," alisema. Mkewe akazichukua, akarudi nazo mtoni bila neno.

Asubuhi yenyewe inaanza saa kumi na mbili, mwanga ukiwa mdogo na majani yakiwa bado yanamwaga maji ya mvua ya usiku. Anaingia na mbeta tupu begani, zimefungwa pamoja na zinagongana anapotembea. Mwendo wake ni ule ule toka kichaka cha kwanza hadi cha mwisho. Mbele ya chipukizi anasimama upande wa juu wa mteremko, ili asiangushe kivuli juu ya mkono wake. Anatoa kwanza jani lililofunika mdomo wa mbeta; hilo liliwekwa kuzuia mvua, maana maji ya mvua yakiingia ulanzi unapooza, na kuzuia nyuki ambao wanakijua kinywaji hiki kuliko sisi. Wawili watatu wamekwisha kuzama humo. Anawatoa kwa ncha ya jani, mmoja mmoja, na aliye hai anawekwa juu ya ganda akauke. Kisha analegeza kamba, anaishusha mbeta bila kuitikisa, anaichungulia.

Halafu anachonga. Mkono wa kushoto unashika chipukizi chini ya jeraha, kidole gumba kimelala kwenye ganda. Kisu kinakaa karibu bapa kabisa juu ya uso ule wenye unyevu, nacho hakisukumwi. Anakivuta kuja kwake, polepole, kwa nguvu za kifundo cha mkono tu. Kinachotoka ni kipande chembamba kama ganda la kitunguu, unaweza kuona vidole vyake upande wa pili. Anakiangalia kipande hicho kwenye mwanga kabla ya kukitupa. Kikiwa na doa la kahawia, anapitisha kisu mara ya pili, kwa wembamba ule ule, mpaka uso wote ubaki mweupe. Kisha anangoja. Vitundu vidogo kwenye nyama ya chipukizi vinaanza kutoa unyevu, unyevu unajikusanya upande wa chini wa mshazari, tone linaanguka, la pili linalifuata kabla hujamaliza kupumua. Hapo tu ndipo anapofunga mbeta tupu, ncha ya chipukizi ikiingia mdomoni mwake, na kulaza jani jipya juu.

Wembamba ule ndio uchumi wake wote. Chipukizi lina urefu wa mita moja na halitaongezeka, kwa sababu ncha yake imekwisha kuondolewa. Kila mchongo unalifupisha. Anayechonga kipande kinene anapata maji mengi juma moja, kisha ana kisiki. Anayechonga kwa unyoya ananyweshwa na chipukizi lile lile kwa wiki nyingi. Kijana aliyekuwa akijifunza upande wa pili wa bonde, mpwa wake, alikuwa akichonga vipande ambavyo ningeweza kuviandika jina. Mzee aliviokota viwili, akavipanga kiganjani, akamwonyesha.

"Umekula kesho na keshokutwa," alimwambia.

"Nimesikia, Mjomba."

Hakumwongezea neno. Kijana akanoa kisu.

Si machipukizi yote yanalipa. Moja limejaza mbeta mpaka inafurika na kumwagika ardhini usiku. Jirani yake, lililotoka siku moja na hilo na kugemwa na mkono ule ule, limetoa kiasi cha kulowesha kitako. Mzee anasema ni mvua, ni udongo, ni kivuli, halafu anasema hajui. Naliamini jibu hilo la mwisho kuliko yale ya kwanza. Anachofanya ni kuyachonga yote mawili kwa uangalifu ule ule. Lile la ubahili halikuharakishwa, wala halikukatwa kwa hasira, na nililitazama hasa kwa kuwa mimi ningelikata.

Nyumbani maji yanamiminwa kwenye ndoo kupitia chujio. Yakiwa mapya yana weupe wa mawingu, na ukiinamisha uso juu ya ndoo unasikia harufu ya majani mabichi na sukari. Huu ndio mtogwa. Wanakunywa watoto, wanakunywa bibi, anakunywa hata Msabato. Ni mtamu kwa namna ambayo soda imetusahaulisha, utamu usiong'ang'ania ulimini. Nilipewa kwenye bilauri ya plastiki nikiwa nimesimama, na mama mwenye nyumba alinihimiza ninywe kabla ya maongezi. Sikuelewa haraka ilikuwa ya nini. Saa nne nilipewa tena kutoka ndoo ile ile, na ule wa kwanza haukuwepo.

Hakuna aliyeugusa. Hamira ya asili iliyo hewani, kwenye maganda na ndani ya mbeta zenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kuila sukari tangu usiku, tone kwa tone. Ndani ya saa 5 hadi 12 hivi, kutegemea joto la siku na usafi wa vyombo, mtogwa umekuwa pombe. Saa nne asubuhi una mchomo mdogo pembeni mwa ulimi, na vipovu. Saa nane mchana utamu na ukali vimegawana nusu kwa nusu, na hapo ndipo wanywaji wengi huutaka. Jioni utamu umebaki kwenye kumbukumbu. Kesho yake ni mkangafu, mkali na mchachu, nao una watu wake, wazee hasa, ambao mtogwa wanaudharau waziwazi. Keshokutwa unaelekea kuwa siki.

Mzee anaonja katika kila hatua, kwa kuchovya kidole na kukigusisha ulimini. Hanywi. Anachotafuta ni ndoo ipi iende wapi: ya wateja wa asubuhi wanaotaka mtogwa, ya kilabu, ya yule fundi baiskeli anayependa mkangafu. Anayeendesha kilabu ni dada yake, na hesabu yake ni ya saa, haihesabiwi kwa lita peke yake. Bei anaijua kwa ladha. Akikosea muda, ndoo nzima inahamia kwa wateja wengine, wenye pesa kidogo. Nilimwona akichanganya wa jana na wa leo kwenye jagi kwa uwiano aliouona yeye, akimwaga kidogo, akionja, akiongeza, na mteja akakubali kwa kichwa. Uwiano huo kesho hautafaa, kwa kuwa wa jana utakuwa mwingine na wa leo mwingine.

Wapo wanaojaribu kuusafirisha. Abiria wa basi la kwenda Dar es Salaam ananunua dumu la lita 5 barabarani ili akamwonjeshe shemeji. Anafunga kizibo vizuri, na hapo ndipo anapokosea; ulanzi unaendelea na kazi yake ndani ya dumu, hewa inajaa, dumu linavimba, na kwenye joto la Morogoro kizibo kinaruka na kuwalowesha majirani. Wenye uzoefu hulegeza kizibo au kukitoboa. Wanafika salama, lakini safari ni ndefu, na shemeji wa Mbagala anakunywa mkangafu huku akiambiwa kuwa ulanzi ni mtamu. Ukichemshwa ili utulie, unatulia kweli, na ladha inaondoka na mvuke. Nimesikia watu wakilalamika kuwa ni hasara, kinywaji kizuri hivi kukosa kiwanda na chupa. Labda. Mimi nafikiri kingepata chupa, tungekunywa kitu kingine chenye jina hilo, na mzee wa Madaba asingekuwa na sababu ya kuamka.

Kwa maana jioni anarudi. Saa kumi na moja na nusu yuko tena kwenye mteremko, anasimama upande ule ule wa juu, ingawa kivuli sasa kinaanguka kwingine na inambidi ageuze bega. Analegeza kamba, anaondoa nyuki, anachonga. Maji ya mchana ni machache kuliko ya usiku na huchachuka upesi zaidi kwa sababu ya jua, kwa hiyo anayaweka kwenye ndoo yake peke yake. Hakuna siku ya mapumziko katika msimu. Jumapili anawahi shambani kabla ya ibada, na siku ya msiba anamtuma mpwa wake, kisha anapita baadaye kuangalia vipande vilivyoanguka chini. Chipukizi lililorukwa siku moja linaziba. Unaweza kulirudia, utapata kiasi, lakini mtiririko wake haurudi ulivyokuwa.

Ukifika mwezi wa nne mvua zinakatika na machipukizi yamekuwa mafupi. Mengine yamechongwa mpaka karibu na udongo, na bado anayainamia, goti moja chini, mbeta ikiwa imelazwa kwenye kishimo alichochimba ili ikinge matone ya mwisho. Niliona moja ambalo usiku kucha lilikuwa limetoa funda moja. Alilichonga. Siku iliyofuata halikutoa kitu, akalitikisa, likang'oka na kipande cha ganda, akalitupa kwenye rundo la kuni.

Yaliyofungwa ukanda wa gome yalikuwa yamenizidi kimo, yamevua maganda ya chini na kuanza kutoa matawi. Hayo yatakomaa na kuwa ya kujengea zizi na kuezekea, yatatoa mbeta za misimu ijayo, na kutoka mashinani mwake yatachipua mengine. Kichaka nacho kina mwisho wake: mianzi ya jamii hii hukaa miaka mingi bila ua, kisha huchanua na kufa. Babu yake alikiona kichaka kimoja kikifanya hivyo. Yeye bado.

Mbeta zinashushwa, zinaoshwa, zinaanikwa kivulini ili zisipasuke. Nzuri zinapangwa darini juu ya mafiga, moshi uzikinge na bungua hadi Novemba. Mpwa wake alizihesabu na kusema mbili zina ufa. Mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa na magunia yalikuwa hayajanunuliwa, na huko kilabuni dada yake alikuwa ameshaloweka kimea cha pombe ya komoni.